Miaka sita ya kungoja barua

Tarehe 6 Novemba 2024 wabunge wa Uganda walirushiana ngumi kwa sababu ya kahawa. Mswada uliokuwa mezani ulitaka Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa, UCDA, iliyokuwapo tangu 1991, irudishwe ndani ya Wizara ya Kilimo. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku hiyo redio na vijiwe vilikuwa vimejaa hoja: ubora utashuka, soko la nje litayumba, mkulima wa Masaka ataumia. Mswada ukapita. Katika kelele zote zile, watu waliosikika kwa nadra kuliko wengine ni wale waliokuwa wakiamka kila siku kwenda kuionja, kuipima na kuithibitisha hiyo kahawa, yaani wafanyakazi wa mamlaka yenyewe.

Ndivyo tulivyozoea. Taasisi ikivunjwa tunahesabu magari, majengo na mabilioni yatakayookolewa. Mfanyakazi huingia kwenye hesabu hiyo mahali pamoja tu, kama gharama ya kumlipa aondoke. Akishalipwa, au akishaahidiwa kulipwa, habari yake imekwisha.

Nabishana na hesabu hiyo. Sidharau pesa, hakuna mwenye watoto shuleni anayeweza kuzidharau. Lakini ukikaa na watu waliopitia misukosuko ya kazi katika nchi hii, kuanzia wazee wa reli hadi vijana wa miradi ya afya, utasikia mambo mawili yanayowauma hata pale pesa zilipopatikana. La kwanza ni kunyang'anywa kalenda: kuishi bila kujua mwisho ni lini. La pili ni kunyang'anywa nafasi yao mbele ya watu. Yote mawili ni makosa ya uongozi zaidi kuliko makosa ya uchumi, na kuyazuia hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Nianze na kalenda. Baraza la Mawaziri liliamua kuunganisha na kufuta mashirika kadhaa ya serikali mnamo Septemba 2018. Hoja zilikuwa na uzito: kazi zinazofanana zilifanywa na ofisi mbili tatu, na mishahara ya mashirika ilizidi mno ile ya wizarani kwa watu wenye vyeti vilevile. Sina ugomvi na hoja hizo. Ugomvi wangu ni na kilichofuata. Uamuzi ulitangazwa, halafu ukakaa. Mwaka 2021 ukafufuliwa. Ratiba zikawekwa na kusogezwa. Sheria zenyewe zilikuja kupita 2024, na hata hapo baadhi ya mashirika yaliyokuwa kwenye orodha yalinusurika bungeni huku mengine yakimezwa. Mhasibu au dereva wa shirika lolote kati ya hayo hakuwa na mtu wa kumwambia mapema yuko upande gani.

Miaka sita. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule wa tangazo angekuwa anakaribia PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kama korona isingemrudisha nyuma. Na wakati mtoto anakua, mzazi wake aliyeajiriwa na shirika lililo kwenye orodha anafanya nini? Anaahirisha. Haanzi msingi wa nyumba, maana hajui kama atafika kwenye linta. Au anafanya kinyume chake: anachukua mkopo wa mshahara haraka kabla benki haijagundua kuwa mshahara wenyewe hauna uhakika. Ofisini, wenye sifa zinazotafutwa sokoni wanaondoka kwanza. Wanaobaki wanaacha kuanzisha jambo lolote linalozidi robo mwaka. Saa za kazi zinaliwa na uvumi: nani kaonekana wizarani, nani ana mjomba kwenye kamati, orodha ipi imevuja usiku kwenye WhatsApp. Kila mkutano wa wakubwa unaofungwa mlango unageuka tukio. Baada ya mwaka wa pili wa hali hiyo hata mchangamfu wa idara anaanza kula chakula cha mchana peke yake.

Waingereza waliwahi kulipima jambo hili karibu kwa bahati. Uchunguzi wa miaka mingi wa afya za watumishi wa umma wa London, unaojulikana kama Whitehall II, ulikuwa tayari unaendelea pale idara moja ya serikali ilipoambiwa itabinafsishwa. Watafiti walikuwa na kumbukumbu za afya za watu hao kabla ya tangazo, wakaweza kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionyesha kuwa afya ya wafanyakazi, kama walivyoieleza wenyewe, ilianza kuzorota wakati bado wako kazini na bado wanalipwa, wakingoja tu. Wenzao wa idara zilizokuwa salama hawakuzorota hivyo. Hawa walikuwa watu wenye hospitali za umma za bure na posho ya serikali kwa asiye na kazi. Mfanyakazi wa Kampala hana posho hiyo, na kwenye mshahara wake mmoja wanategemea wapwa, wazazi walioko kijijini, na ada za shule ambazo hazijui kusubiri.

Mamlaka ya Taifa ya Barabara, UNRA, ni mfano unaouma zaidi. Ilianza kazi 2008. Mwaka 2015 mkurugenzi mtendaji mpya, Allen Kagina, aliwaachisha wafanyakazi wote na kuwataka wanaotaka kurudi waombe upya, ili kuisafisha taasisi iliyokuwa imezongwa na tuhuma za rushwa. Wananchi wengi tulipiga makofi, na sababu tulikuwa nazo. Waliorudi walirudi wakiamini kuwa wameshapita kwenye chujio na sasa wanaweza kufanya kazi. Miaka tisa baadaye sheria ikaifuta UNRA na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Wako waliopigwa na mawimbi yote mawili, na safari ya pili hakuna aliyewatuhumu lolote. Mtu akitakiwa mara mbili athibitishe kuwa anastahili kiti alichokalia, hata akikipata tena atakikalia ukingoni.

Linganisha na kampuni ya Umeme. Kampuni hiyo ilichukua usambazaji wa umeme 2005 kwa mkataba wa miaka 20, na tarehe 31 Machi 2025 mkataba ukaisha, kazi ikapokelewa na UEDCL, kampuni ya serikali. Kulikuwa na mvutano mkali wa fidia kati ya serikali na wanahisa, na sidai kwamba wafanyakazi walivuka bila maumivu. Lakini walikuwa na tarehe. Fundi wa nguzo wa Jinja alijua tangu siku aliyoajiriwa kuwa mkataba una mwisho, na mwisho huo una mwezi na mwaka. Angeweza kupanga vibaya, angeweza kupanga vizuri, ila alikuwa na kitu cha kupangia.

Atatokea wa kuniuliza: basi bora kuachishwa ghafla? Tulionyeshwa jibu Januari 2025. Tarehe 20 mwezi huo Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye amri za kusitisha kazi zikafika kwenye miradi. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, akatangaza kuwa asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Julai 1 shirika lenyewe likafunga kazi zake. Kwa Uganda, ambako PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa 2003, ulikuwa umeshika huduma za VVU, hiyo ilimaanisha kuwa maelfu ya watu walienda kazini Ijumaa wakiwa na kadi shingoni na Jumatatu hawakuwa na mahali pa kwenda.

Katika hao, kundi moja halikupewa uzito linalostahili. Ni wale watu wanaoishi na VVU walioajiriwa na miradi kuwafuatilia wenzao: kumpigia simu aliyekosa tarehe ya dawa, kumtembelea mama aliyejifungua, kukaa kwenye benchi la kliniki na aliyepimwa dakika kumi zilizopita na kumwambia, "Hata mimi." Mshahara wao ulikuwa mdogo, mara nyingi ukiitwa usafiri tu. Lakini fikiria safari waliyokuwa wamepita. Mtu aliyetengwa na ukoo, aliyewahi kutengewa kikombe chake peke yake, alikuwa amegeuzwa kuwa mtu anayetafutwa. Ugonjwa uliomwondolea heshima ndio uliompa heshima mpya, na tisheti yenye nembo ikawa ushahidi. Amri ya kusitisha kazi iliposhuka, kwenye mafaili ya Washington ilisitisha kandarasi. Huku Lira na Mbarara ilimrudisha yule mtu kwenye benchi, safari hii akiwa mgonjwa tu kama wengine, na simu yake bado ina namba za watu mia wanaomuuliza dawa zitatoka wapi.

Wizara ya Afya ilitoa mwongozo haraka, na hilo ni la kupongezwa: kliniki za VVU ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Waliokuwa kwenye kandarasi waliambiwa kuwa wenye moyo wa uzalendo wanaweza kuendelea kwa kujitolea wakati mambo yakisawazishwa. Wapo waliobaki. Naelewa serikali ilikuwa imebanwa, na naelewa pia kwa nini walibaki. Kuondoka kungekuwa kuwaacha watu wao. Lakini kumwambia mtu ajitolee bila kumwambia hadi lini ni kumrudisha kwenye kungoja kulekule, mara hii bila mshahara. Barua hiyo ingekuwa na sentensi moja zaidi, kwamba tutawapa jibu mwisho wa mwezi fulani hata kama jibu ni hapana, ingekuwa barua nyingine kabisa.

Kwa hiyo ghafla na kucheleweshwa ni dhuluma moja yenye sura mbili. Katika zote mtu hapewi nafasi ya kumaliza. Hamkabidhi mwenzake daftari, hamuagi mgonjwa, hafungi hesabu. Nimeona watu wazima wakijieleza kwa aibu kana kwamba wao ndio walitoroka.

Hapo ndipo suala la nafasi mbele ya watu linapoingia, na hapo Uganda ina mambo yake. Hebu kaa kwenye mkutano wa harusi, ile mikutano ya jioni inayofanyika kwenye baa au bustani wiki hadi wiki kuchangia sherehe. Mwenyekiti anasoma ahadi: Injinia fulani, milioni moja. Dokta fulani, ng'ombe. Mwanasheria, mziki na mahema. Jina la kazi linatangulia, jina la mtu linafuata, kiasi kinafunga. Kwa miaka mtu amekuwa akisomwa hivyo hadharani. Siku kazi imekwisha, hatangazi, anaacha kuja. Wiki mbili baadaye anazima arifa za kundi la WhatsApp la kamati. Kisha anakosa msiba wa upande wa mama kwa sababu hana cha kuweka kwenye kapu. Ndani ya miezi michache amejiondoa kwenye kila mahali ambako angeweza kuulizwa, "Mzee, mbona umepungua?" Watu wanasema amekuwa na majivuno. Kumbe anaona aibu.

Ugumu huu hauwapati wote sawasawa, na tofauti yenyewe inafundisha. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022, kufungwa kurefu kuliko kwote duniani. Walimu wa shule binafsi hawakulipwa. Walifyatua matofali, waliendesha boda boda, waliuza chapati na mandazi kando ya barabara. Lilikuwa pigo la kikatili na wengine hawakurudi darasani kamwe. Lakini kwenye kile kibanda cha chapati wateja waliendelea kumwita Mwalimu. Mtoto aliyetumwa nyanya alipiga goti kusalimia Mwalimu. Kazi ilikuwa imeondoka, nafasi haikuondoka, kwa sababu nafasi hiyo ilitolewa na mtaa na mwajiri hakuwa na mamlaka ya kuifuta. Sasa mchukue ofisa wa ufuatiliaji na tathmini wa mradi wa miaka mitano. Mtaani hakuna anayejua hasa anafanya nini. Wanajua anafanya kazi "kwa Wazungu", ana gari lenye nembo na anasafiri Karamoja. Nembo ikibanduliwa kwenye mlango wa gari hakuna kilichobaki cha kumwita. Huyu wa pili alikuwa na mshahara mara kumi ya mwalimu, na nathubutu kusema ndiye aliyeanguka kwa kishindo zaidi.

Wazee wa reli wanasimama kati ya hao wawili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika la reli la pamoja lilivunjika nalo, na madai ya mafao ya wafanyakazi wake yalikokotwa kwa miongo, hata baada ya makubaliano ya 1984 kuigawa mali na madeni kati ya nchi tatu. Wengi walizikwa wakidai. Hata hivyo ukienda kwenye makazi yaliyokuwa ya reli, Nsambya kwa mfano, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya karakana na ya chumbani pia, utakuta familia ambazo bado zinajitambulisha kwa reli: baba alikuwa dereva wa treni, mjomba alikuwa wa signali. Walikuwa wameishi pamoja, wamezikana, watoto wao wamecheza uwanja mmoja. Mwajiri alikufa, jamii yake ikabaki. Sisemi hivyo kuwasamehe waliowanyima mafao yao.

Zamani wataalamu wa Ulaya walikutana na jambo hili kwenye kijiji cha Marienthal, Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichoajiri karibu kila mtu kilifungwa mwanzoni mwa mdororo mkubwa wa uchumi. Marie Jahoda na wenzake walikwenda kuishi na kuchunguza. Walitegemea, kama ambavyo ungetegemea, kuwa watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi na kushughulika zaidi na siasa zao. Ilikuwa kinyume. Vitabu vya maktaba viliazimwa kwa uchache, mikutano ilipungua watu, na wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimamasimama bila sababu. Wanawake walitembea haraka, kwa sababu kazi za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda. Jahoda alikuja kueleza kuwa ajira humpa mtu zaidi ya mshahara: humpangia siku, humkutanisha na wasio ndugu zake, humpa lengo analoshiriki na wengine, humpa hadhi, humlazimisha kutenda. Uchunguzi huo una umri wa karibu karne moja, na orodha hiyo bado inafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya rasilimali watu hapa Kampala.

Badala yake kinachobandikwa ni bango la semina. Tunaujua mtindo: wafanyakazi mia wanaokaribia kuachishwa wanakusanywa hotelini, mhamasishaji anakuja na suti ya bluu, anawaambia wabadili fikra, kwamba mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguka, kisha anakuja mtaalamu wa kuku. Daima kuna mtaalamu wa kuku. Ningependa siku moja mtu ahesabu ni mabanda mangapi matupu yaliyotapakaa Wakiso na Mukono kutokana na malipo ya kuachishwa kazi. Ujasiriamali una mahali pake, na wapo waliofanikiwa. Lakini kumfundisha mtu kufuga siku ileile anayoambiwa hatakiwi ni kumwambia kuwa huzuni yake ni uvivu. Na ujumbe uliojificha ndani ya semina hizo ni kwamba tatizo liko kichwani mwake, wakati uamuzi ulifanyika ghorofani juu yake.

La kusikitisha ni kuwa dawa bora zaidi ya maumivu haya ilijaribiwa hapahapa kwetu. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, maeneo yaliyokuwa yameumizwa sana na UKIMWI, watafiti waliunda vikundi vya watu wenye sonona. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi, wasio na taaluma ya akili. Mazungumzo yalizunguka mambo kama kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, na mabadiliko ya nafasi katika maisha. Hilo la mwisho ndilo hasa linalompata aliyepoteza kazi. Mwishoni, waliobaki na dalili kamili za sonona walikuwa asilimia 6.5 kwenye vikundi hivyo, dhidi ya 54.7 kwenye vijiji ambavyo havikupata huduma. Kazi hiyo ilipita mipaka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi mwaka 2016, na hapa Uganda shirika la StrongMinds limeiendeleza kwa miaka.

Kwa nini ilifaa? Nadhani kwa sababu haikuanza na kumrekebisha mtu. Ilianza na kumuuliza: ulikuwa nani, nini kimebadilika, nani bado yuko nawe. Mtu alipewa nafasi ya kuomboleza alichopoteza, hata yale mabaya yake, na kisha kujaribu kidogokidogo jambo jipya mbele ya watu wanaomjua. Hiyo haihitaji kitanda kwenye hospitali ya akili ya Butabika. Inahitaji chumba, viti, na mtu mmoja aliyefunzwa. Shirika lenye bajeti ya mtaalamu wa kuku lina bajeti ya hilo.

Na kabla ya chumba hicho kuna mambo ambayo hata bajeti hayataki. Mkuu aseme kwa mdomo wake, ana kwa ana, kabla habari haijavuja. Mtu apewe siku za kukabidhi na kuaga, asisindikizwe na askari wa getini kama mwizi huku akibeba picha za watoto kwenye boksi. Barua itaje alichofanya: barabara aliyoisimamia, kliniki aliyoijenga, miaka aliyotumika. Cheti cha utumishi kiko kisheria, lakini waajiri wengi hukitoa kana kwamba wanatoa risiti ya maegesho. Sacco ya ofisi ipewe njia ya kuendelea na wanachama walioachishwa, kwa sababu mara nyingi ndicho kikao pekee ambako bado wangekutana. Na waliobaki kazini wasisahaulike. Nesi wa serikali aliyerithi foleni ya kliniki ya VVU juu ya foleni yake ya malaria anabeba kazi ya wenzake watatu na hatia ya kuwa yeye ndiye aliyebakizwa. Hawezi kulalamika, ataambiwa ashukuru.

Sheria inasaidia kidogo. Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuachisha watu kumi au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi au za kimuundo amjulishe Kamishna wa Kazi na wawakilishi wa wafanyakazi kwa maandishi, akitaja sababu, idadi na kipindi. Notisi inapanda na miaka: mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano, miwili kwa mitano hadi kumi, mitatu kwa aliyezidi hapo. Akiba ya NSSF, asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, haifunguki kwa sababu tu umepoteza kazi; tangu 2022 mwenye miaka 45 na michango ya miaka kumi anaweza kuchukua asilimia 20, lakini aliyeachishwa akiwa na 38 anaitazama kwenye simu tu. Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira mwaka 2023 na Rais akakataa kuyasaini, kwa hiyo mjadala haujafungwa.

Mjadala huo ukirudi, ningeongeza kifungu kimoja. Taasisi ya umma ikitangaza kuwa itafuta au kuunganisha nafasi za kazi, tangazo liwe na tarehe ya kila mfanyakazi kupata jibu lake kwa maandishi, na tarehe hiyo isizidi miezi kumi na miwili. Ikipita bila jibu, tangazo life, na serikali ikitaka kuendelea ianze upya kwa kuwaeleza watu kwa nini. Wizara ya Utumishi wa Umma itasema haiwezekani: bajeti huchelewa, Bunge lina ratiba yake, wafadhili hubadilika. Kweli, vyote huchelewa. Lakini kwa mpango wa sasa gharama ya kuchelewa inalipwa na mhasibu wa shirika lililo kwenye orodha, aliyeacha kujenga, anayekula peke yake, na ambaye hakuwa na kura katika ratiba yoyote kati ya hizo. Kifungu hiki kingeihamishia gharama hiyo ofisi iliyochelewa. Ofisi hiyo, ikijua kuwa uamuzi wake utakufa tarehe fulani, itajifunza kusoma kalenda haraka ajabu.